Shajara ya kipima mvua: masika ya kwanza juu ya Soni

Februari 21

Kipima mvua kimesimama. Ni cha shaba, mtindo wa zamani, mdomo wa inchi 5 (milimita 127). Kilikuwa kimelala stoo ya shule ya sekondari hapa kijijini, juu kidogo ya Soni, Wilaya ya Lushoto. Ndani kuna faneli, chini ya faneli kuna chupa, na chupa imekaa kwenye kopo la akiba la kupokea maji yatakayofurika. Hakina waya wala betri. Mkuu wa shule ametupatia kwa sharti kwamba wanafunzi wa klabu ya mazingira washiriki, nami nikakubali haraka kabla hajabadili nia.

Kazi ilikuwa mahali pa kukiweka. Kanuni inataka kitu chochote kilicho jirani kiwe mbali angalau mara mbili ya urefu wake, na wataalamu wengine wanapendelea mara nne. Mkaratusi wa mita 12 unadai mita 24 kwa uchache. Huku milimani mahali tambarare palipo wazi kiasi hicho ni pamoja tu, uwanja wa mpira, na mwalimu wa michezo hakufurahi. Tumeelewana pembeni ya goli la kusini, ndani ya uzio wa waya wa kuzuia mbuzi. Mdomo uko sentimita 30 juu ya ardhi. Ukishuka zaidi, matone yanayodunda chini yanaingia. Ukipanda zaidi, upepo unazidi na kuyapitisha matone juu ya mdomo. Hata kipima kilichowekwa vizuri hupoteza kwa upepo kati ya asilimia 2 na 10 ya mvua. Fundi ujenzi alikuja na pima maji yake akahakikisha mdomo haukuinama.

Kwa nini najishughulisha? Nauza mbegu na mbolea. Kila Februari swali ni lile lile: "Mama Mbegu, nipande lini?" Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) unauweka Mkoa wa Tanga katika kanda ya pwani ya kaskazini, pamoja na Dar es Salaam, Pwani, Unguja na Pemba. Kwa kanda unatosha. Ila ndani ya mkoa huu huu kuna Amani, huko Usambara Mashariki, inayopata karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na kuna Mkomazi ambako mkulima husimama akitazama mvua ikinyesha milimani kwa wenzake. Kati ya Amani na Mkomazi, kwa mstari ulionyooka, si kilomita 100. Anayetaka kujua habari za mteremko wake hana budi kuupima mwenyewe.

Februari 24

Kioo cha kupimia kilichokuja na kipima hakipo. Bila hicho mtu ana maji kwenye chupa lakini hana milimita. Tumeamua kupiga hesabu, na wanafunzi wa kidato cha pili ndio walioifanya ubaoni.

Mdomo wa kipenyo cha sentimita 12.7 una eneo la sentimita za mraba 126.7. Milimita moja ya mvua juu ya eneo hilo ni mililita 12.67. Kwa hiyo unapima maji kwa mililita, unagawa kwa 12.67, unapata milimita. Nimechukua bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, jipya, bila sindano. Ukikosea nusu mililita, kosa lako ni kama milimita 0.04, kiasi ambacho hakiumizi.

Mwanafunzi mmoja aliuliza swali lililotukalisha nusu saa: ndoo pana hukusanya maji mengi kuliko kikombe, inakuwaje mvua iwe na namba moja? Jibu ni kwamba namba hiyo ni kina. Milimita 10 maana yake, kama maji yasingenywea wala kutiririka, yangesimama kina cha milimita 10 kila mahali, uwe na ndoo au uwe na uwanja mzima. Chombo chenye ubavu ulionyooka unaweza hata kukipima kwa rula tu. Na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Hilo la lita ndilo lililowaingia, kwa sababu kila mmoja hubeba ndoo.

Machi 3

Sifuri.

Naandika sifuri kwa makusudi, na nimewaonya wa zamu wote. Pasipoandikwa kitu maana yake hakuna aliyekwenda kusoma. Sifuri maana yake mtu alikwenda saa 3 asubuhi, akafungua, akakuta pakavu. Mtu wa takwimu akikuta nafasi tupu hawezi kujua kama ilikuwa siku ya jua au siku msomaji alikwenda msibani, na mwezi mzima unaharibika. Ukame wote duniani umejulikana kwa sababu kuna watu waliotembea asubuhi kwenda kuandika hakuna kitu. Kuna na alama ya tatu: mvua iliyolowesha faneli lakini haifikii milimita 0.05. Hiyo tunaiandika "dalili" na haijumlishwi.

Saa 3 tumeifuata kwa sababu ndiyo saa ya vituo vya TMA, nayo ni saa 12 asubuhi kwa saa ya dunia (UTC) inayotumiwa na mashirika ya hali ya hewa. Tunachosoma ni saa 24 zilizopita, hivyo mvua ya jana alasiri inasomwa leo. Wazazi wawili wameshagombana na watoto wao juu ya hilo ("jana ilinyesha, mbona mmeandika leo?").

Machi 8

Leo hakuna mvua ila kuna kivuli, au tuseme hakuna kivuli. Soni iko karibu nyuzi 4.8 kusini mwa ikweta, na jua likielekea kaskazini hupita utosini kwetu karibu na tarehe hii, kisha hurudi karibu na Oktoba 5. Tulisimika fimbo iliyonyooka. Wengi walitarajia saa 6 kamili, lakini saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki na sisi tuko nyuzi 38 na ushei, hivyo adhuhuri ya kweli kwa Machi huchelewa mpaka saa 6 na dakika 38 hivi. Kivuli kilijikunja chini ya fimbo, kikaisha.

Hapo ndipo masika yanapoanzia. Jua la utosini huchemsha nchi na bahari, hewa hupanda, na pepo za kaskazini mashariki na za kusini mashariki hukutana kuziba nafasi. Mkanda huo wa makutano TMA wanauita ukanda mvua. Unalifuata jua lakini kwa kuchelewa wiki kadhaa, kwa kuwa maji ya bahari hupata joto polepole. Ndiyo maana jua liko kichwani leo na mvua bado. Oktoba mkanda unarudi kusini na kutuletea vuli. Mikoa kama Dodoma iko mbali zaidi kusini na bara, ikaishia kuwa na msimu mmoja kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili.

Bahari nayo ina la kusema. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi yakiwa na joto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia yakawa baridi, vuli hufurika. Ilikuwa hivyo mwaka 2019. Mwaka 2023 hali hiyo ilikutana na El Niño, na mwezi Desemba tukasikia ya maporomoko ya udongo kule Hanang. Masika hayafuati sana kamba hiyo, nayo ni magumu zaidi kuyatabiri. Mteja anayeniambia "mwaka huu si wa El Niño, masika yatakuwa mabaya" namwuzia mbegu na sibishani naye.

Machi 19

Milimita 6.0. Mililita 76 kwenye bomba, mara tatu na kitu. Shule nzima ilitaka kuona chupa.

Machi 27

Tangu tarehe 19 tumekuwa na siku za mvua na siku kavu, na nimepata muda wa kujifunza jinsi tone linavyozaliwa. Mvuke peke yake katika hewa safi kabisa haupendi kugeuka maji. Unahitaji kitu cha kushika. Vumbi linafaa, moshi unafaa, na bora zaidi kwetu ni chembe za chumvi ya bahari zinazorushwa na mawimbi na kuletwa na upepo. Juu ya chembe hiyo mvuke hugeuka kuwa kijitone cha kipenyo kama milimita 0.02. Kijitone cha hivyo hakianguki, huelea. Ili upate tone moja la mvua la milimita 2 unahitaji vijitone milioni moja. Piga mwenyewe: kipenyo mara mia, ujazo mara mia kwa mia kwa mia.

Katika mawingu yetu mafupi vijitone hukua kwa kugongana. Kikubwa kidogo hushuka haraka kidogo, kinawameza wadogo njiani, kinazidi kukua. Hakuna barafu inayohusika. Hilo nililishangaa, kwa kuwa kitabu cha jiografia nilichosoma zamani kilieleza mvua kana kwamba yote huanzia kwenye theluji angani. Njia ya barafu ipo, na katika nchi za baridi ndiyo inayotawala, lakini katika tropiki usawa wa kugandia uko karibu kilomita 5 juu. Wingu linalokaa chini ya hapo linanyesha bila kuona barafu. Nitarudi kwenye jambo hili, maana lina uzito kuliko linavyoonekana.

Na tone halina umbo la chozi. Dogo ni mviringo. Kubwa husukumwa na hewa kwa chini likawa andazi: bapa chini, limeumuka juu. Likipita milimita 5 au 6 kwa kawaida linapasuka. Kwa hiyo tone kubwa kuliko hapo ni nadra sana kufika ardhini, hata mzee yeyote akuapie.

Machi 29

Jaribio la unga. Mwaka 1904 mkulima mmoja wa Vermont, Marekani, Wilson Bentley, aliyejulikana zaidi kwa picha zake za theluji, alieleza namna ya kupima matone kwa unga wa ngano: unatandaza unga kwenye sinia, unaupeleka mvuani sekunde chache, kila tone linafanya donge, unakausha, unachekecha, unapima madonge. Ukubwa wa donge hukaribiana na wa tone.

Tumefanya mara mbili, mvua ya asubuhi yenye ukungu na mvua ya alasiri yenye ngurumo. Asubuhi madonge mengi hayakufika milimita 1. Alasiri tulipata ya 3 na machache ya karibu 4. Tofauti hii ni ya pesa kwa mkulima wa kabichi. Tone la nusu milimita huanguka kwa kasi ya mita 2 hivi kwa sekunde. La milimita 5 hufika mita 9. Milimita 10 za manyunyu huingia ardhini, milimita 10 za matone makubwa hupiga udongo, huuziba, kisha huuchukua kwenda kwa mdogo wangu Mombo, bondeni. Kipima mvua hakitofautishi hizo mbili, na ndiyo maana nimeongeza safu ya maelezo kwenye daftari: ilianza saa ngapi, iliisha saa ngapi, ilikuwa ya namna gani.

(Unga ulikuwa wa nyumbani. Mume wangu ametoa maoni yake.)

Aprili 9

Sasa Mombo. Mdogo wangu anaishi huko bondeni, karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari. Sisi tuko 1,200 hivi. Amejitengenezea kipima kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu: amekata sehemu ya juu, ameigeuza iwe faneli, na chini amejaza maji mpaka alama ya sifuri ili kitako kisicho sawa kisimsumbue. Bila faneli joto la Mombo lingekausha nusu ya alichokusanya. Ananitumia namba kila asubuhi kwa ujumbe wa simu.

Leo: juu 23.4, Mombo 2. Wiki iliyopita kuna siku Mombo walipata 31 sisi 4, kwa hiyo isidhaniwe mlima hushinda kila siku. Ila kwa jumla unashinda, na sababu yake nilitaka kuiona kwa namba.

Hewa isiyo na wingu ikipanda hupoa nyuzi 10 kwa kila kilomita, kwa sababu inapanuka. Ikifikia kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke wake huanza kugeuka maji, wingu linaanza. Kuna kanuni nyepesi: chukua joto la hewa, toa kiwango cha umande, zidisha kwa 125, umepata kwa mita kimo cha kitako cha wingu. Kiwango cha umande kinapatikana bila mtambo. Nilimwambia mdogo wangu aweke maji kwenye kopo la bati linalong'aa, atie kipimajoto, aongeze vipande vya barafu kidogo kidogo akikoroga, asome mara tu nje ya kopo panapoingia jasho. Barafu alipewa na mama muuza soda wa kituoni, aliyetaka kujua kama anapima ulevi.

Jana saa 4 asubuhi Mombo: hewa 28, jasho lilianza kwa 21. Tofauti 7, mara 125, mita 875. Jumlisha 400 za Mombo: mita 1,275. Saa hiyo hiyo mimi nimesimama mlangoni dukani natazama wingu limekaa juu kidogo ya paa la shule. Nilifurahi kupita kiasi kwa mtu mzima.

Baada ya wingu kuanza, hewa inapoendelea kupanda hupoa polepole zaidi, kama nyuzi 5 au 6 kwa kilomita, kwa sababu mvuke unaogeuka maji hutoa joto lake. Maji yanaangushwa upande wa kupandia. Ikivuka upande wa pili hewa inashuka, inabanwa, inapata joto nyuzi 10 kwa kilomita, na mawingu yanayeyuka. Kusi hutoka baharini na kukutana kwanza na Usambara Mashariki, ndipo Amani ikawa vile. Kinachobaki kinagongana na sisi. Mkomazi na Same wanapewa hewa iliyokwisha kukamuliwa.

Aprili 15

Milimita 11.2. Likizo fupi, nimesoma mwenyewe.

Aprili 22

Milimita 64.3. Chupa ya ndani ilifurika na kopo la akiba likafanya kazi yake kwa mara ya kwanza. Tulipima cha kwanza tukaandika, tukapima cha pili tukaandika, ndipo tukajumlisha, watu wawili wakihesabu kila mmoja kivyake. TMA wanapotoa tahadhari ya mvua kubwa, mpaka wao ni zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24, kwa hiyo hii imepita. Barabara ya kushuka Mombo ilifungwa na udongo mpaka mchana.

Ubaoni tena: ekari moja ni mita za mraba 4,047. Mara 64 ni lita 259,000, yaani tani 259 za maji juu ya ekari moja, na mashamba yetu yamelala mteremkoni. Paa la bati la mita 8 kwa 10 lingejaza tanki la lita 5,000 na maji yakabaki. Niliuza mipira ya kuunganishia mifereji ya paa yote niliyokuwa nayo. Biashara ya mvua haikuwa nia ya mradi lakini sitaikataa.

Wanafunzi walitaka kujua rekodi ya dunia. Iko kwenye bahari yetu: Foc-Foc, kisiwani Réunion, milimita 1,825 katika saa 24, Januari 1966, kimbunga kilipopita. Ni mvua ambayo Amani huipata kwa karibu mwaka mzima. Vimbunga kwetu ni nadra kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauipi hewa msokoto wa kutosha, na Madagaska pia hutukinga. Nadra haina maana ya kamwe. Unguja ilipigwa Aprili 1872, Lindi Aprili 1952, na mwanzoni mwa Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia.

Aprili 28

Mzee mmoja kutoka Vuga alipita dukani kununua mbegu za karoti. Amesikia habari za kipima. Akaniambia, zamani mvua ikikosekana watu walikwenda Vuga kumwuliza Kimweri, maana mfalme wa Wasambaa ndiye aliyeshika mvua; ikizidi aulizwe yeye, ikikosekana aulizwe yeye. "Sasa mwanangu, na wewe umejitwika." Nikamjibu kwamba mimi sishiki mvua, naihesabu tu. Akasema ndivyo wanavyoanza. Kisha akanisahihisha jambo la maana: nikasome hata mwezi Agosti na Septemba, maana kuna mvua nyepesi za kati ya masika na vuli ambazo wazee huku huziita mluati, na kuna wanaopanda maharage kwa kuzitegemea. Nilikuwa nimepanga kupumzika mpaka Oktoba.

Mei 4

Jana jioni mvua ya mawe iliangukia kitongoji cha pili. Kwetu milimita 7.8 ya maji matupu. Umbali ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Kabichi zao zimetobolewa, zetu nzima. Mawe hutokea pale wingu la ngurumo linapopanda kupita kiasi, likavuka ule usawa wa kilomita 5, na hewa inayopanda ndani yake ikawa na nguvu ya kuyashikilia mawe juu huku maji ya baridi kali yakiganda tabaka juu ya tabaka. Yakiingia kwenye kipima unayaacha yayeyuke, unapima maji yake, unaandika kwamba yalikuwa mawe. Hatukupata hata moja.

Kwa habari kama hii nilisoma jinsi wenzetu wa Fort Collins, Colorado, walivyoanza. Julai 28, 1997, mafuriko yaliua watu watano pale. Upande mmoja wa mji ulipata zaidi ya milimita 250, upande mwingine chini ya 50, na vipima rasmi vilikuwa vichache mno kuonyesha hivyo. Mwaka uliofuata wakaanzisha mtandao wa wananchi wa kujitolea, CoCoRaHS, ambao leo umeenea Marekani yote na Kanada. Na wao hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1860 Uingereza, George Symons alikusanya namba za vituo 168 vya watu wa kawaida, na alipofariki mwaka 1900 vilikuwa zaidi ya 3,000. Mapadri, wenye mashamba, walimu. Hata huku kwetu namba nyingi za zamani ziliandikwa na misheni na mashamba ya mkonge, chai na kahawa.

Mei 15

Kijana wa chuo, mtoto wa jirani, aliniuliza kwa adabu kabisa: "Shikamoo mama. Hivi setelaiti si zinapima haya yote?" Swali zuri, na jibu lake ndilo linaloufanya mradi huu uwe na maana huku kuliko tambarare.

Setelaiti nyingi hazioni mvua. Zinaona kilele cha wingu na kupima joto lake. Kilele cha baridi kali ni wingu refu, na wingu refu hukisiwa kuwa na mvua. Kwa dhoruba za bara kisio hicho kinafanya kazi vizuri. Lakini mvua yetu nyingi inatoka kwenye mawingu mafupi yaliyosukumwa na mlima, yasiyofika kwenye barafu, yale ya vijitone vinavyogongana. Kilele chake kina uvuguvugu. Kwa setelaiti hilo ni wingu lisilo na jambo, na chini yake mimi nimelowa. Kuna vyombo bora zaidi: setelaiti ya GPM ya NASA na shirika la Japani, iliyorushwa mwaka 2014, ina rada ya kuchungulia ndani ya wingu, ila hupita na kuondoka, haikai juu ya Soni. Ramani za mvua zinazotumika sana Afrika, kama CHIRPS inayoanzia mwaka 1981, huchanganya picha za setelaiti na vipima vya ardhini ili kurekebisha. Pasipo na kipima, hakuna cha kurekebishia, na milima ndipo penye kosa kubwa na vipima vichache.

Kijana amejiandikisha zamu za Jumapili.

Juni 5

Kipupwe kimeingia, kusi linavuma, asubuhi ukungu mpaka saa 4. Wiki hii tumesoma 0.3, 0.1, dalili, 0.6. Chini ya miti ya msituni maji yanadondoka kutwa kwa sababu majani yanakamata ukungu, lakini kipima kilicho uwanjani hakiyaoni. Ni maji halali yanayolisha vijito, na hayamo katika hesabu yetu. Mwalimu wa jiografia anataka tuweke kipima cha pili chini ya miti kulinganisha. Nimemwambia atafute faneli.

Jumla za masika, juu kwanza kisha Mombo: Machi milimita 71 na 38, Aprili 214 na 117, Mei 158 na 64. Wameniuliza dukani kama ni masika mazuri. Siwezi kusema. Wastani wa kulinganishia huchukua miaka 30, na wa sasa unaotumika duniani ni wa 1991 hadi 2020. Sisi tuna msimu mmoja. Ninachoweza kusema ni cha ndani ya msimu: mvua ya Aprili ilikuja kwa mikupuo, na kuna siku kumi mfululizo katikati ya Mei ambazo hazikufika milimita 5 kwa jumla, hapo ndipo mahindi ya waliochelewa kupanda yalipokunja majani. Waliopanda baada ya mvua ya Machi 19 walikuwa wamekwisha kupita hatua hiyo. Hilo nimewaandikia kwenye karatasi, nimebandika kaunta.

Shule inafungwa kesho. Zamu za likizo: wanafunzi wanaokaa jirani wiki ya kwanza na ya tatu, mimi ya pili na ya nne, kijana wa chuo Jumapili zote. Afisa ugani wa kata anachukua nakala ya kurasa za Machi hadi Mei kwenda nazo wilayani, na ameahidi kuulizia kioo halisi cha kupimia. Bomba la sindano limeanza kufutika alama, nimenunua jingine. Mbuzi wamepata njia upande wa chini wa uzio. Fundi anakuja Jumamosi.